Darasa, uwanja na chama: jinsi ya kumpangia mtoto mwaka wake katika shule ya upili ya umma

Alama za katikati ya muhula wa pili zikitoka tu, kuna mzazi atakayekuja ofisini, aketi, aweke karatasi mezani na kuniambia, "Mwalimu, huyu mtoto mtoeni kwenye voliboli." Mimi nafundisha Hisabati na ndiye mwalimu wa voliboli, kwa hiyo kesi yake naijua pande zote mbili. Shule yetu ni ya umma, ya wasichana, upande wa Vihiga, karibu na barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Wengine wanalala bwenini, wengine wanarudi kwao jioni.

Mzazi huyo simjibu kuhusu mpira kwanza. Ninamuuliza: mtihani ulifanywa wiki gani, na mashindano ya kaunti yalikuwa wiki gani? Mara nyingi wiki ni ile ile, au moja imefuata nyingine. Mtoto alirudi Jumamosi usiku amechoka, Jumatatu akapewa karatasi ya Kemia kuhusu mada iliyofundishwa akiwa uwanjani. Hapo mpira hauna hatia. Tarehe zilijulikana tangu shule ifunguliwe, na hakuna mtu aliyezipanga.

Ninachotaka kukuonyesha, mzazi mwenzangu, na wewe mwanafunzi unayesoma haya, ni namna ya kuupanga mwaka kwa kalenda, ili masomo, michezo na vyama vikae pamoja. Hilo linawezekana. Wasichana wetu wanalifanya kila mwaka, na si wale wenye akili za ajabu tu.

Mkondo wa masomo si timu ya mpira

Januari 2026 ndipo Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya ilipoingia sekondari pevu, yaani miaka mitatu ya mwisho ya shule. Kwa hiyo mwaka huu shule nyingi zina Gredi ya 10, Kidato cha Tatu na Kidato cha Nne kwa pamoja, na wale wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 watamaliza na KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ya 2027. Wazazi wa Gredi ya 10 ndio wenye maswali mengi zaidi, na swali kubwa linahusu ile mikondo mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo.

Wapo wanaodhani kwamba mtoto anayependa mpira ni lazima aende mkondo wa Sanaa na Michezo, na aliye STEM amefungiwa uwanja. Si kweli. Seta wetu bora, yule anayewainulia wenzake mpira waupige, anaweza kuwa msichana wa Fizikia. Timu ya shule ni ya shule nzima, na Elimu ya Mwili ni ya kila mwanafunzi. Mkondo wa michezo ni wa yule anayetaka kuyasomea mambo hayo: mwili unavyofanya kazi, mafunzo ya ukocha, usimamizi wa michezo. Ni masomo kamili yenye vitabu na tathmini, na inaniuma ninaposikia mzazi akiuita mkondo wa walioshindwa. Chagua mkondo kwa masomo ambayo mtoto atayavumilia miaka mitatu. Mchezo utachaguliwa baadaye, na ukibadilika hakuna kitakachoharibika.

Ukienda kuitazama shule, kama unahamisha mtoto au una mdogo aliye Gredi ya 9, usiishie ofisi ya mwalimu mkuu. Simama kwenye ubao wa matangazo usome tarehe za matangazo yenyewe. Kama tangazo la mwisho la chama cha midahalo ni la mwaka juzi, chama hicho kimekufa. Chungulia maabara uone kama viti vina vumbi. Kisha mtafute mwanafunzi, umuulize mambo matatu: nani anawafundisha Fizikia wakati huu, timu hufanya mazoezi siku ngapi kwa wiki, na mchezaji akirudi kutoka mashindanoni hupataje masomo aliyoyakosa. Swali la tatu ndilo la maana kuliko yote. Shule ambayo mwanafunzi anajibu bila kusita, "Tunaenda kwa Madam fulani Jumatatu, na kuna daftari la timu," hiyo ina mpango. Shule ambayo anacheka na kusema "unajisort", yaani unajitafutia mwenyewe, haina.

Huku kwetu majina ya shule yanavuta. Ukitaja voliboli ya wasichana, watu watakutajia Mukumu na Lugulu. Soka ya wavulana ni Kakamega na Musingu, na ukiteremka Kisumu utaambiwa Kisumu Day. Magongo ni Kamusinga. Drama ni Butere. Nakuru watakutajia raga ya Menengai. Majina hayo yamejengwa kwa jasho la miaka mingi na yanastahili heshima. Lakini fikiria: mtoto wa kiwango cha wastani akiingia shule yenye timu ya namna hiyo, anaweza kumaliza miaka mitatu akibeba chupa za maji. Katika shule ndogo ya kutwa karibu na nyumbani angekuwa nahodha. Mimi ningemtaka acheze. Mtoto hujifunza kuongoza, kushindwa na kuamka akiwa ndani ya mstari wa uwanja, si kwenye benchi.

Mihula mitatu, mizigo mitatu

Hapa ndipo kiini cha mambo kilipo. Wazazi wengi hupanga siku: saa hii asome, saa hii acheze. Siku ni ndogo mno. Anza na mwaka.

Muhula wa kwanza una wiki 13 hivi, na umejaa kuliko watu wanavyofikiri. Michezo yake ni magongo, mpira wa vikapu, mpira wa mikono na raga ya wachezaji 15. Wakati huo huo kuna tamasha la drama na filamu, ambalo fainali zake za kitaifa huwa mwezi wa Aprili, na maonyesho ya sayansi na uhandisi nayo yanaanza mapema. Msichana anayecheza vikapu, anayeigiza katika tamthilia ya shule, na mwenye mradi wa sayansi, katika muhula huo hana jioni hata moja. Mazoezi ya drama ndiyo yanayokula muda zaidi ya yote, kwa sababu tamthilia haichezwi na watu nusu: mmoja akikosa, wote wanasimama. Kwa hiyo drama na vikapu mwaka mmoja, hapana. Achague kimoja. Drama na voliboli zinaelewana vizuri, kwa kuwa drama itakuwa imekwisha wakati voliboli inapoanza.

Muhula wa pili ndio mrefu, wiki 14, na ndio wetu sisi wa voliboli. Kuna soka, netiboli na raga ya wachezaji 7 pia. Tamasha la muziki, ambalo Kenya imekuwa nalo tangu 1927, huendelea muhula huo na kufikia kilele cha kitaifa mwezi wa Agosti. Kwaya na timu za mpira hugongana sana hapo, hasa Julai. Na kwetu Vihiga kuna jambo jingine: mvua. Aprili na Mei, ikifika saa tisa, wingu limeshasimama, na saa kumi uwanja ni tope. Mazoezi yaliyopangwa siku nne huishia mbili. Timu isiyojua hivyo huja kufidia kwa pupa mwezi wa Juni, na huo ndio mwezi ambao alama huanguka.

Muhula wa tatu ni wiki 9 tu. Hizo ni za mitihani, basi. Usimwekee mtoto jambo jipya lolote muhula huo.

Sasa ngazi za mashindano. Timu huanza zoni, yaani kundi la shule jirani, ikishinda inaenda kaunti ndogo, halafu kaunti, halafu eneo, halafu taifa, na mwisho michezo ya shule za Afrika Mashariki. Eneo letu la Magharibi lina kaunti nne: Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia. Bonde la Ufa, ambamo Nakuru imo, lina kaunti 14, kwa hiyo mtoto wa Nakuru anaweza kusafiri mbali sana hata kabla ya kufika taifa. Zoni mara nyingi inamalizika kwa siku moja au mbili, na mtoto analala kwao. Kuanzia eneo ni siku kadhaa mfululizo, kulala katika madarasa ya shule mwenyeji, na masomo yanasimama kabisa. Ninachowaambia wazazi ni hiki: panga kama vile timu itafika kaunti, kisha andika pembeni mpango wa pili, timu ikivuka.

Kuandika huko kunahitaji daftari moja tu la kurasa 48. Likizo ya Desemba au wiki ya kwanza ya muhula, keti na mtoto mezani. Chora mistari, kila wiki mstari wake. Kwa kalamu nyeusi andikeni mitihani yote, kutoka barua ya shule. Kwa nyekundu andikeni mashindano na matamasha. Mwalimu wa michezo anazo tarehe, mpigie simu. Kwa bluu andikeni mambo ya nyumbani: siku ya kulipa karo, harusi, kumbukumbu ya babu, na kwa familia za Wabukusu kule Bungoma, sherehe za tohara za Agosti ya miaka ya shufwa kama huu wa 2026, maana likizo ya Agosti mnayoitegemea kwa kufidia masomo itaisha mkipokea wageni. Mkimaliza, tazameni ni wiki zipi zina rangi tatu. Hizo ndizo wiki za hatari, na mara nyingi ni nne au tano tu katika mwaka mzima. Wiki zilizobaki zina nafasi ya kutosha, na kuliona jambo hilo peke yake hutuliza nyumba.

Mchezo mmoja kwa muhula, chama kimoja kwa mwaka. Hilo ndilo pendekezo langu kwa Gredi ya 10. Akizoea, mwaka wa pili anaweza kuongeza.

Chama

Chama kisidharauliwe mbele ya mpira. Nimeona wasichana ambao hawakuwa wakifungua mdomo darasani wakisimama mbele ya ukumbi uliojaa na kughani shairi bila kutetemeka, kwa sababu chama cha Kiswahili kiliwapa sababu ya kusimama. Kwa mtoto mwenye haya, ningeanzia huko kabla ya uwanja.

Chama kizuri kina kitu cha kufanya kwa mikono au kwa sauti, na kina tarehe ya kukimalizia. Vyama vya Wanyamapori, vilivyoanza nchini mwaka wa 1968, hupanda miti na kutembelea mbuga. Watoto wa Nakuru wana ziwa na mbuga mlangoni mwao, sisi tuna msitu wa Kakamega. Chama cha sayansi kinataka mradi, na mradi wa maonyesho hauanzi Januari. Unaanza likizo ya Desemba, kwa kuuliza swali dogo la nyumbani linaloweza kupimwa, kwa mfano kama jivu la jikoni linapunguza wadudu kwenye sukuma wiki kuliko kutonyunyizia chochote. Mtoto akija na vipimo vya wiki nne tayari ameandika kwenye daftari, amewatangulia wengi.

Tuzo ya Rais nayo naipenda kwa sababu inaunganisha kila kitu. Ni ya vijana wa miaka 14 hadi 24, ina ngazi za shaba, fedha na dhahabu, na inamtaka mtoto atoe huduma kwa jamii, ajifunze ustadi, ashiriki mazoezi ya mwili na aende safari ya kutembea na kupiga kambi. Mchezaji wa voliboli tayari ana sehemu ya mazoezi mkononi. Kadhalika, Gredi ya 10 sasa wana somo la lazima la kuhudumia jamii, na kazi ya chama, kama kusafisha chemchemi ya kijiji, inaweza kuzungumzwa na mwalimu wa somo hilo itumike hapo. Kazi moja ikihesabiwa mahali pawili si udanganyifu, ni kupanga. Lakini aombe kabla ya kuifanya, siyo baada.

Siku ya kawaida

Hapa nitapita haraka. Masomo huisha karibu saa kumi kasorobo, michezo ni mpaka kama saa kumi na moja, na wa bweni wana prepu, yaani kipindi cha kujisomea, usiku. Wao tatizo lao ni dogo: mwalimu yupo, taa ipo, kengele ipo.

Wa kutwa ndiye ninayemfikiria zaidi. Anafika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, kuna maji ya kuchota, moto wa kuwasha, wadogo wa kuosha. Na mara nyingi ni msichana, maana mvulana wa nyumba hiyo hiyo akirudi huulizwa kama amekula. Mama, baba, nawaomba kwa dhati: siku zake za mazoezi, ambazo kwa kawaida ni tatu, mwondoleeni kazi moja kubwa. Kaka yake achote maji. Yeye atafidia Jumamosi. Na asome dakika 40 za Hisabati kabla ya chakula cha jioni, kwa sababu baada ya ugali na mbio za alasiri hakuna mtu anayefungua kitabu. Halafu alale. Mtoto anayecheza na kulala usingizi mchache kila siku ataumia goti au atasinzia kwenye kipindi cha kwanza, au yote mawili.

Wiki ya mashindano

Wiki hii ndiyo inayoamua alama. Nitaeleza tunavyofanya, hatua kwa hatua, na unaweza kumfundisha mtoto wako hata kama shule yake haina mpango huu.

Siku mbili kabla ya kuondoka, mchezaji anamwendea kila mwalimu wa somo na daftari dogo mkononi. Anasema, "Mwalimu, nitakosa vipindi vya Jumatano mpaka Ijumaa. Utafundisha nini?" Mwalimu anajua, kwa sababu ana mpango wa kazi wa muhula mzima. Mtoto anaandika mada, ukurasa wa kitabu na zoezi. Hata mwalimu mkali hulainika akiulizwa hivyo kabla. Akifuatwa baada ya safari, na mtoto hajui hata mada ni ipi, hasira yake ni ya haki. Kama kuna mtihani mdogo katika siku hizo, mchezaji aombe wakati huo huo aufanye lini.

Kisha anamchagua mwenzi wa daftari. Awe mtu wa darasa lake, asiye kwenye timu, mwandiko wake usomeke, na awe mtu wa kuhudhuria. Rafiki wa karibu si lazima awe ndiye. Wanakubaliana: huyu ataandika vizuri siku hizo, na mchezaji atamlipa kwa kumwandikia yeye akiugua au akienda tamasha la muziki.

Safarini anabeba kitabu kimoja tu. Wanaobeba vitabu sita hawafungui hata kimoja. Kwa wengi nashauri Hisabati, kwa kuwa ina kipindi kila siku, na kila siku unayokosa inaonekana. Ndani ya basi hakuna anayesoma, wataimba mpaka Chavakali na kuendelea, na waacheni waimbe. Lakini jioni, baada ya kula na kuoga, tunakaa dakika 40 katika darasa tunalolala, godoro zimeegemezwa ukutani, kila mtu na kitabu chake. Makocha wengine wanaona ni kuwachosha wachezaji. Mimi naona kinyume: timu iliyokaa kimya dakika 40 hulala mapema.

Akirudi, ana siku tatu za kufidia, na mpangilio wake ni muhimu. Hisabati na sayansi kwanza, kwa sababu zimejengwa ngazi juu ya ngazi. Aliyekosa kipindi cha kutafuta vigawo vya mlinganyo wa nguvu ya pili hataelewa chochote kipindi kinachofuata, hata mwalimu afundishe vizuri namna gani. Asinakili majibu. Anakili maelezo na mfano mmoja, kisha azoeze mwenyewe maswali matatu na kuyaleta yasahihishwe. Historia na Jiografia anaweza kuzisoma Jumamosi kutoka kwa daftari la mwenzake na asipoteze kitu.

Majaribio ya maabara yana sheria yake. Mtoto wa Kidato cha Tatu aliyekosa jaribio la kupima asidi na besi akinakili vipimo vya mwenzake, daftari litaonekana limejaa, lakini mkono wake haujajifunza kufungua na kufunga bureti, ule mrija wa kupimia kimiminika. KCSE ya Kemia ina karatasi nzima ya majaribio, karatasi ya tatu, na siku hiyo hakuna wa kumnakili. Aende kwa mwalimu wa Kemia au mhudumu wa maabara na kuomba arudie, hata wakati wa mapumziko marefu. Nimeona wahudumu wa maabara wakikaa na wachezaji watatu peke yao saa nzima, bila malipo yoyote. Watu hao hawatajwi siku ya zawadi, nami nadhani wangetajwa.

Pesa, viatu na mwili

Kiwango kilichowekwa na serikali ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma kwa mwaka, na ndani yake kuna fungu la michezo na shughuli nyingine za nje ya darasa. Katika shule ya kutwa mzazi anabakia na chakula cha mchana na sare. Wa bweni anaongeza karo ya malazi. Kwa hiyo ukiombwa mchango wa safari ya timu, uliza kwa heshima ni wa nini, uombe risiti, na usimfokee mwalimu wa michezo kwa sababu mgao ukichelewa kutoka Nairobi yeye ndiye anayehangaika na nauli.

Viatu tafuta mitumba. Soko la Kibuye pale Kisumu, hasa Jumapili asubuhi, lina daluga nzuri na raba za ndani ambazo mpya zingekushinda bei. Kunja soli kwa mikono miwili: ikipasuka au ikitoa sauti ya gundi, acha. Tazama kama imeshonwa pembeni. Mtoto ajaribu akiwa amevaa soksi nzito. Daluga ni za soka na raga. Mchezaji wa voliboli anataka raba nyepesi yenye soli bapa, na vilinda-magoti kwa sababu viwanja vyetu vingi ni vya murram, udongo wa changarawe.

Msichana anahitaji sidiria ya michezo na akiba ya sodo ndani ya begi kila safari, awe karibu na siku zake au la, maana mwendo na uchovu hubadilisha tarehe. Mzazi una haki ya kuuliza mwalimu gani wa kike anasafiri na timu. Uliza. Mfungie pia chandarua. Ukanda wetu wa ziwa ndio wenye malaria nyingi nchini, na madarasa tunayolala hayana neti. Chakula si kitu cha ajabu: uji asubuhi, viazi vitamu, ndizi, maharagwe, maji mengi.

Kifundo cha mguu kikivimba, siku ya kwanza kipumzishwe, kiwekewe baridi na kuinuliwa. Shangazi asikikande kwa maji moto wala mafuta ya kuchoma, ingawa najua anapenda. Na aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu, akatapika au akasahau alipo, hachezi tena siku hiyo hata kama ni fainali. Anaenda hospitali.

Alama zikishuka

Turudi kwa mzazi na karatasi yake. Kabla ya kumwondoa mtoto, fungua lile daftari la wiki. Kama zimeshuka Hisabati na sayansi pekee, baada ya wiki ya mashindano, kazi ni kufidia, na ndani ya wiki tatu utaona mabadiliko. Kama zimeshuka masomo yote, na zilianza kushuka kabla ya msimu, uwanja hauhusiki. Uliza kuhusu usingizi, macho, ugonjwa, ugomvi wa nyumbani, karo inayomfanya arudishwe nyumbani kila Jumatatu. Nimepata wachezaji wasioona ubao vizuri, na walikuwa wakipokea mpira kwa kusikia sauti ya wenzao.

Punguza kabla ya kukata. Siku tatu za mazoezi ziwe mbili kwa wiki tatu, abaki na jezi yake. Mtoto anayeondolewa kwenye timu kama adhabu haketi kusoma hiyo saa iliyopatikana; anakaa dirishani akiwatazama wenzake. Wala usimpeleke masomo ya ziada ya likizo kumfidia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inayakataza, na baada ya muhula wa wiki 14 anahitaji kupumzika na kusaidia nyumbani.

Mimi mwenyewe humwondoa mchezaji akiwa ameumia, akiwa ameomba mwenyewe, au akitumia jina la timu kukosa vipindi ambavyo timu haikuwa na safari. Kidato cha Nne wanamaliza nasi muhula wa pili, na muhula wa tatu hawavai jezi ya mashindano, ila wanaruhusiwa kuja kukimbia nusu saa jioni. Wapo wazazi wanaotaka waache tangu Januari. Siwakubalii kirahisi, kwa sababu mtihani wa Novemba unataka mwili wenye afya, na vyuo vya Marekani vinavyowapa wanariadha wetu ufadhili huangalia alama za darasani pamoja na kasi ya miguu.

Karatasi

Nunua faili ya plastiki. Kila cheti cha zoni, drama, muziki, sayansi au uongozi wa chama kiingie humo siku kinapotoka, na nakala ibaki nyumbani. Walimu tunahamishwa, na barua ya kuthibitisha kwamba binti yako alikuwa nahodha ni rahisi kuipata leo kuliko miaka mitano ijayo.

Siku ya kufungua shule mlete na nakala ya cheti cha kuzaliwa chenye jina lililoandikwa sawasawa na la rekodi za shule, herufi kwa herufi, nambari yake ya usajili, barua ya ruhusa iliyotiwa sahihi, na nambari mbili za simu. Orodha ya wachezaji hupelekwa zoni mapema, na mzazi aliye Nairobi, au aliye shambani simu yake imezimwa, hawezi kutia sahihi ndani ya saa moja.